Wifi yangu hajajaaliwa mtoto: nizungumze naye vipi bila kumuumiza?

SWALI: Naishi Makorora, Tanga. Kaka yangu yuko mwaka wa nne wa ndoa na hawajajaaliwa mtoto. Mimi nimejifungua mtoto wa tatu wiki mbili zilizopita. Wanawake walipokuja kunitazama, nilikuwa uani nimempakata mtoto, nikamwambia wifi yangu mbele yao: "Wifi, na wewe jikaze, mwanangu anataka mwenzie wa kucheza naye." Watu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akaondoka kabla ya chai. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu na amejitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mama anasema ana wivu, na kwamba kizazi chake kimefungwa, apelekwe kwa mganga. Akika tumeipanga siku ya arobaini. Nimwambie nini? Nimwalike au nimwache? Na tukipatana, niseme nini ili nisirudie kosa?

JIBU: Dada, hongera kwa kujifungua salama, na pole kwa haya. Nianze na kitu ulichokiona kwa macho yako: wifi yako alicheka. Alicheka kwa sababu mbele ya wale wanawake hakubakiwa na jingine. Angenyamaza, angeitwa mwenye kiburi. Angelia, angeitwa mwenye wivu, kama ambavyo ameitwa hata bila kulia. Angesema "tunajaribu", angekuwa amewafungulia majirani mlango wa chumba chake cha kulala. Neno lako lilimdai jibu asilokuwa nalo. Kwa mtu anayetafuta mtoto, karibu maneno yote yanayouma yana ila hiyo hiyo moja, hata yale yaliyosemwa kwa mapenzi: yanamdai jibu. Nitakayokueleza hapa chini yote yanazunguka hapo.

Kwanza elewa mwezi wake ulivyo. Yai la mwanamke hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, na likishatoka huishi muda usiozidi saa 24. Mbegu za mume zinaweza kuishi ndani hadi siku 5. Kwa hiyo katika mwezi mzima siku za kuweza kushika mimba ni kama 6 tu. Hata wanandoa vijana wasio na tatizo lolote, nafasi yao kwa mwezi mmoja ni kama moja kati ya nne au tano. Siku hizo zikipita huja wiki mbili za kungoja, na ndani ya wiki hizo mwanamke husikiliza kila kitu mwilini: matiti yakiuma, kichefuchefu, tumbo kujaa. Kisha damu inakuja, na hesabu inaanza upya. Wifi yako amepita hapo mara zaidi ya 36. Hujui siku ile uani ilikuwa siku yake ya ngapi. Huenda damu ilikuwa imekuja asubuhi hiyo hiyo.

Na kwetu pwani siri hiyo ni ngumu kufichika. Mwezi wa Ramadhani, mke akionekana anakunywa maji mchana, nyumba nzima imeshajua yuko kwenye siku zake, maana yake mwezi huu tena hakuna kitu. Wenzake wakisimama kuswali, yeye akabaki kukuna nazi, macho yanahesabu. Hakuna aliyesema neno, na yeye ameshasikia kila kitu. Ukilijua hili utaelewa kwa nini mtu anajitoa kwenye kundi la familia kwa sentensi moja ambayo wewe uliiona ya utani.

Sasa msamaha. Uombe kwa maandishi, kwenye simu yake, yeye peke yake. Usitume ujumbe wa sauti: huenda akaufungua mbele ya watu, na wewe una kichanga, kitalia katikati ya maneno yako. Usimtume Mama wala kaka akuombee. Usiandike kwenye kundi. Andika hivi, au karibu na hivi:

"Asalaam aleikum wifi. Siku ile uani nilisema neno kuhusu mtoto, tena mbele za watu. Nilikosa. Naomba unisamehe. Si lazima unijibu, nimetaka tu ujue kuwa nimelijua kosa langu."

Tazama kilichomo na kisichokuwemo. Kosa limetajwa kwa jina, kwa hiyo hana kazi ya kukueleza kilichomuuma. Hakuna "kama nilikuudhi", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba ameudhika. Hakuna "nilikuwa natania tu". Hakuna habari ya usiku unaokesha kwa kulia, maana hapo ndipo atakapolazimika kukubembeleza wewe. Na sentensi ya mwisho inamwondolea deni la kujibu. Msamaha huu usiufunge na mwaliko wa akika. Mtu akiombwa radhi na kualikwa kwa pumzi moja ataona radhi ilikuwa ngazi tu ya kufikia shughuli. Acha siku tano, sita zipite katikati.

Tukija kwenye maneno ya kila siku, lazima nianze na salamu, kwa sababu kwa watu wa Tanga salamu ni ndefu na ndani yake watoto hawakosi. "Hamjambo? Watoto hawajambo?" Kwa mwenye watoto haina uzito wowote. Kwa asiye nao, anajibu "hawajambo" akijua hakuna anayezungumziwa, au anasema "sina", na barabara nzima inanyamaza kidogo. Badala yake tunayo salamu nzuri tena ya siku zote: "Nyumbani hawajambo?" Nyumbani kuna mume, kuna mama, kuna yeyote. Mzoeshe hata mwanao mkubwa kuitumia.

Kuna na lile swali la "Mama nani?" Linaulizwa kwenye daladala, msibani, dirishani kliniki, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa anapoandikishwa jina. Sisi tumezoea kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ni heshima. Lakini heshima hiyo ina mlango mmoja tu wa kuingilia. Kwa wifi yako mwite Bi na jina lake, au Dada na jina lake, au "wifi", ambalo ni jina lake kwako na halihitaji mtoto. Wanao wamwite kwa undugu wake kwao kama mnavyoitana nyumbani kwenu, mke wa mjomba. Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa, na bado alipewa jina la heshima la Ummu Abdillah kwa mtoto wa dada yake. Nalitaja hilo kwa ajili yako na ya Mama, mjue kwamba jambo hili lina njia yake ya adabu tangu zamani. Usiende kumhadithia yeye kama somo, isipokuwa yeye mwenyewe ameanza.

Kiswahili chenyewe nacho kina mitego. "Hajazaa" na "hazai" zinatofautiana kidogo tu, lakini "hazai" ni hukumu. "Mgumba" na "tasa" ni maneno ya kumfungia mtu ndani ya jambo moja la mwili wake, na daktari mwenyewe hawezi kuyasema kabla ya vipimo vya wote wawili. Ukilazimika kuwataja kwa mtu mwingine, sema "hawajajaaliwa". Mwanamke mwenyewe akisema "sisi tunatafuta mtoto", chukua neno hilo hilo alilolitumia, usimbadilishie.

Maneno ya faraja ndiyo yanayowachanganya watu wema, kwa hiyo nitakaa hapo.

"Subira yavuta heri." Ni kweli, lakini kwa nani? Ukimwambia aliye mwaka wa nne akisubiri, anachosikia ni kwamba kusubiri kwake hakujatosha. "Tulia tu, ukiacha kuwaza utapata." Hili ni baya zaidi kwa sababu linageuza tatizo la mwili kuwa kosa la tabia. Mirija iliyoziba haizibuki kwa mtu kutulia, wala mbegu chache haziongezeki kwa sababu mke ameacha kuwaza. Mawazo hayo mara nyingi yamezaliwa na kuchelewa kupata mtoto, hayakuanza kabla yake. "Angalau una mume mwema", "angalau ulishawahi kushika mimba": popote penye "angalau" ujue unamwambia apunguze huzuni yake ili wewe ustarehe. Na ile methali inayotoka midomoni bila kufikiri, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi": ukiitoa mkiwa mmekaa jamvini naye, umemtoa nje ya mazungumzo. Hata kanga, ukitaka kumzawadia, soma maandishi yake kwanza. Kanga kwetu inasema, na mpokeaji atadhani umeyachagua.

Kuhusu Mungu. Yeye anaweza kusema "Mwenyezi Mungu hajapanga", na wewe uitikie "inshallah, atakujaalia la heri". Ni maneno yake, ameyatoa kifuani kwake. Lakini usianze wewe. Aya ya Sura Ash-Shura inayosema kwamba Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, na humpa amtakaye wa kiume, na humfanya amtakaye tasa, anaijua, na dua ya Nabii Zakaria anaijua vizuri kuliko wewe. Kumsomea ni kama kumwambia hakuomba. Ukitaka kumwombea, mwombee peke yako, usitangaze.

Kuna pia ushauri wa kuchukua mtoto wa ndugu amlee "ili kizazi kifunguke". Kulea mtoto wa ndugu ni jambo zuri likiwa kwa ajili ya mtoto huyo, lakini halifungui kizazi. Wanaoshika mimba baada ya kulea wapo, kama walivyo wanaoshika bila kulea na wanaolea bila kushika. Kwa sababu hiyo hiyo usimtwike mtoto wako mapajani ukisema "mpakate upate wa kwako". Akitaka kumbeba ataomba. Swali la ruhusa ni hili: "Utapenda kumshika, au nimlaze?" Lina njia mbili na zote hazina aibu.

Tumbo lake usilitaje. "Umenawiri, kuna kitu?" Vidonge vya kupevusha mayai vinaweza kujaza tumbo, uvimbe wa kizazi unaweza kulikuza, na hedhi ikikaribia tumbo hujaa lenyewe. Unaweza kuwa unampongeza kwa ugonjwa wake.

Sasa Mama, na habari ya kizazi kufungwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo pale wanandoa wanapokaa miezi 12 wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba isitungwe. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, madaktari humshauri asingoje hata huo mwaka, aanze uchunguzi baada ya miezi 6. Takwimu za shirika hilo za mwaka 2023 zinaonyesha mtu mmoja kati ya sita duniani hupatwa na hali hii katika maisha yake. Na katika karibu nusu ya wanandoa hawa sababu ya upande wa mume imo, ama peke yake ama pamoja na ya mke. Kwa hiyo anayemtazama mke peke yake ana nafasi kubwa ya kukosea kabla hajafungua mdomo.

Upande wa mke, mara nyingi ni mirija iliyoharibiwa na maambukizi ya zamani, kama klamidia au kisonono kisichotibiwa, au maambukizi baada ya mimba kuharibika. Au mayai yasiyopevuka kila mwezi. Au uvimbe ndani ya mji wa mimba. Wengine kila kitu kinapimwa na sababu haionekani. "Kizazi kimegeuka", maneno wanayoambiwa wengi na wakandaji, kwa kawaida si ugonjwa: mwanamke mmoja katika watano hivi mji wake wa mimba umeinamia nyuma, na wanazaa. Kumkanda tumbo kwa nguvu hakumsaidii. Na dawa za kuweka ukeni zinaweza kumletea michubuko na maambukizi, yaani kuongeza lile lile tatizo. Kubwa kuliko yote ni muda: mayai hupungua wingi na ubora, na baada ya miaka 35 hupungua kwa kasi zaidi. Mwaka uliotumika kuhama kutoka kwa mganga mmoja kwenda kwa mwingine haurudi.

Lakini usimwendee Mama na hotuba hii yote, atakuona umeenda kumsomesha. Anayepaswa kusema naye ni kaka yako, kwa kuwa ni mwanawe, na neno la mwana kuhusu ndoa yake lina uzito ambao neno la binti halina. Mwombe kaka aseme maneno mafupi: "Mama, hili ni letu wawili, mimi na mke wangu. Tukiwa na habari utakuwa wa kwanza kuisikia. Naomba asiulizwe." Kila neno hapo lina kazi. "Letu wawili" linamwondolea mke lawama bila kumtaja nani ana tatizo. "Wa kwanza kuisikia" linampa Mama heshima yake. Wewe kazi yako ni ndogo lakini ni ya kila siku: mazungumzo yakianza kuelekea huko, yageuze. "Mama, tuyaache hayo. Ile nazi imekunwa?" Usicheke, usiitikie, usiongeze. Na likitajwa lile la kaka kuoa mke wa pili, mwulize Mama kwa upole kama kaka ameshapimwa. Kama tatizo ni la mume, ataishia na wake wawili wasio na watoto.

Na kaka naye ni mtu, ana maumivu yake ambayo hakuna anayemuuliza. Barazani utani wa "jogoo hawiki" unampata yeye. Wanaume wengi hukataa kupima kwa sababu wamechanganya mambo mawili, nguvu za kiume na mbegu. Mtu anaweza kuwa na nguvu kamili na mbegu zikawa chache, na kinyume chake. Mwambie mkiwa wawili tu, mkiwa mnafanya kitu kingine, mnatembea au mnapanga mizigo, maana mwanamume akikalishwa chini anaona kesi: "Kaka, nasikia kipimo cha mume ndicho chepesi kuliko vyote. Ukikitaka, kipo." Kisha nyamaza. Akiuliza zaidi, mpe haya: akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, sampuli yote iingie kwenye kikopo safi alichopewa na maabara, ifike ndani ya saa moja, na akiibeba kutoka nyumbani aiweke karibu na mwili isipoe. Tone la kwanza likimwagika aseme, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo yenye mbegu nyingi. Majibu yakiwa mabaya asikate tamaa kwa kipimo kimoja. Mbegu huchukua takriban siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali aliyougua miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana leo, na daktari mara nyingi huagiza kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu. Kama ana busha, jambo ambalo ukanda wetu wa pwani umelijua muda mrefu kwa sababu ya matende, linapasuliwa hospitali. Kuwa nalo si sawa na kuwa mgumba. Tanga mnayo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Hapo panatosha pa kuanzia kuulizia. Waende wote wawili, siku ile ile.

Usimpe wifi vidonge vilivyomsaidia shoga yako. Dawa za kupevusha mayai hunywewa siku maalumu za mwanzo wa mzunguko na hufuatiliwa. Zikitumiwa ovyo zinaweza kuleta vifuko vya maji kwenye ovari au mimba ya pacha na zaidi, na hazifai kitu kama mirija imeziba au mume hajapimwa.

Akija siku akafunguka mwenyewe, sema "Pole wifi, hili ni zito," halafu ujizuie. Ukimya wa pumzi tano, sita hauui. Kisha muulize: "Leo unataka nikusikilize tu, au kuna la kukusaidia?" Akisema asikilizwe, usitoe ushauri hata mmoja. Akisema msaada, toa kitu chenye siku na saa. Mfano, picha ya mirija hupigwa baada ya hedhi kukatika na kabla yai halijatoka, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 10. Hupitishwa dawa kwenye mlango wa kizazi huku eksirei ikipigwa, tumbo linauma kama la hedhi, na anaweza kutokwa matone ya damu siku moja mbili. Siku hiyo mtu anahitaji wa kumsindikiza, pedi mkobani na bajaji ya kurudi. "Nitakupeleka na kukurudisha, na sitakuuliza majibu." Hiyo ni sentensi ya dhahabu kwa mwanamke anayetoka kwenye chumba cha eksirei. Alichokueleza kisifike kwa mume wako wala kwa Mama.

Kama alishika mimba ikatoka, ujue kati ya mimba 100 zilizojulikana, 10 hadi 20 hivi huharibika, nyingi kwa sababu kijusi chenyewe hakikuumbika vizuri, wala si kwa ndoo aliyobeba. Usimuulize alifanya nini. Mwambie pole kama unavyompa aliyefiwa.

Huzuni ikimzidi, ukaona wiki mbili hali chakula, halali usingizi, au anasema "afadhali nife", usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na kama anapigwa au anafukuzwa kwa sababu hajajaaliwa mtoto, hilo ni la ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi. Lisibaki kuwa siri ya familia.

Sasa akika. Mwalike. Kumwacha ni kumwambia kwamba watu wote wameshakaa wakaamua hawezi kuona mtoto. Lakini mwalike kwa namna inayomruhusu kukataa, tena mapema, kwa maandishi, kabla tangazo halijaenda kwenye kundi:

"Wifi, akika ni Jumamosi ya tarehe fulani, baada ya adhuhuri. Nafasi yako ipo siku zote. Ukija nitafurahi, usipoweza nitaelewa, na hakuna atakayekuuliza sababu."

Sentensi ya mwisho ni ahadi, kwa hiyo itimize: waambie dada zako wawili watatu kabla ya siku. Akija, mpe kazi yenye mwanzo na mwisho iliyo mbali na mtoto, kama kusimamia sufuria la pilau au kupokea wageni mlangoni, siyo kazi ya kumvisha mtoto wala ya kusimama karibu anapozungushwa kwa udi na marashi. Mkalishe karibu na njia ya kutokea. Chagua mtu mmoja, mtu mzima mwenye busara, akae naye, na swali la "wewe lini?" likija, huyo ndiye alikate: "Bibi, pilau linapoa, tule." Akiondoka kabla ya kisomo kwisha, usimwite kwa sauti. Asipokuja, mpelekee sahani yake kwenye hotipoti jioni ile ile kwa mkono wa mtoto mkubwa, bila picha za shughuli wala maneno ya "tulikukosa".

Na asipojibu ule ujumbe wa kwanza? Usiurudie. Mbali na ule mwaliko, ngoja wiki mbili, kisha mwandikie kitu cha kawaida kabisa, kisichohusu mtoto wala ugomvi, kama mlivyokuwa mkiandikiana zamani: "Wifi, nimeletewa machungwa ya Muheza gunia zima. Nikuwekee?"